Makala ya Gahongayire

Gasana alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, katika makazi ya wakimbizi wa Kinyarwanda, na siku aliyozaliwa ndiyo siku aliyofariki mama yake. Dada yake, Gahongayire, alikuwa na miaka kumi na mmoja. Ndiye aliyekuwa akibeba maji ya moto kutoka jikoni kuyaingiza chumbani, maana hapakuwa na mtu mwingine wa kutumwa, na ndiye aliyeona damu inavyokataa kukatika. Mvua ilinyesha mchana kutwa, zahanati ilikuwa mbali, mto umefurika. Bibi mmoja jirani alimwekea mikononi kichanga kilichofungwa kwa kitenge, akamwambia, "Huyu sasa ni wako."

Akawa wake kweli. Alimlea kwa maziwa ya kuomba na uji wa mtama, akampeleka shule, akamfundisha kusoma kabla mwalimu hajamfundisha. Mwenyewe akasomea ukunga. Hakuwahi kueleza kwa nini alichagua kazi hiyo, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Waliporudi Rwanda mwaka tisini na tano, Gahongayire alipata kazi katika kituo cha afya mjini Kigali, na Gasana akaanza kufundisha Kiswahili na Kiingereza katika shule moja ya Gikondo. Hapo ndipo nilipomjua, kwa kuwa tulikaa meza moja katika chumba cha walimu kwa miaka kumi na tisa. Ninayoyasimulia hapa mengine niliyaona, mengine alinieleza mwenyewe, bila kujipamba.

Alikuwa na kipaji cha ajabu. Ungempa mada yoyote, akuandikie kama mkulima wa kahawa, kisha kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, kisha kama mjane wa miaka themanini, nawe ungeapa kwamba watu watatu tofauti wamekaa wakaandika. Tulikuwa tukicheka sana. Alipofika miaka hamsini na minne, kampuni moja ya ushauri yenye ofisi Kimihurura, mtaa mwingine wa Kigali, ilisikia habari za kipaji hicho ikamwajiri.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mteja wa kampuni akitaka jambo fulani lionekane zuri mbele ya watu, Gasana anaandika makala. Halafu anatafutwa mtu mwenye heshima zake, daktari, mchungaji, mwalimu mkuu, anasoma, anakubali, anatia saini. Gazeti linachapa kwa jina la huyo mwenye heshima. Mwanzoni yalikuwa mambo ya vyandarua na mbegu bora za mahindi, na waliotia saini walikuwa wanayaamini waliyoyatilia saini. Gasana hakuona ubaya wowote. Aliniambia, "Watu wana mawazo lakini hawana maneno. Mimi nawapa maneno."

Kisha ukaja mwaka juzi.

Serikali ya nchi moja tajiri, mbali kule ng'ambo, ilikuwa inasemwa vibaya kwa jinsi watumishi wa ndani wanavyotendewa huko. Mkutano mkubwa wa mambo ya kazi ulikuwa unakaribia Ulaya, na wajumbe wangepiga kura kama wakaguzi watumwe katika nchi hiyo au la. Serikali hiyo ilikodi kampuni ya London iisemee. Kampuni ya London nayo ikakodi kampuni ndogondogo katika miji ya Afrika ambako watumishi hao, wengi wao wasichana, hutoka. Kwa hiyo agizo lilipofika Kimihurura lilikuwa limeshapita mikono kadhaa, na jina la serikali halikuandikwa popote. Liliandikwa neno moja tu: mteja.

Mkuu wa ofisi alikuwa Winifred, mwanamke wa miaka arobaini aliyekulia Kampala, mchapakazi, mtu wa kusalimia hata mlinzi kwa jina. Alimwita Gasana.

"Mwalimu, hii ya sasa inahitaji mwanamke," alimwambia. "Mtu mzima. Wa mambo ya afya. Mtu ambaye akisema kitu, watu hawaulizi mara mbili."

"Wale wawili wa orodha yetu?"

"Wamekataa. Mmoja anasema hajui habari za huko, mwingine hapokei simu. Na London wanataka makala Jumatatu."

Gasana alipewa ripoti ya kurasa ishirini yenye takwimu: wasichana wangapi walikwenda, wangapi walirudi salama, hospitali ngapi zinawahudumia bure. Aliisoma kwa haraka ya mtu anayetaka kuamini. Akaketi kuandika, na kabla hajafika aya ya pili alijua anaandika kwa sauti ya nani.

Alimwandika dada yake. Aliandika mvua ya Karagwe, maji ya moto, mto uliofurika. Aliandika mtoto wa kike wa miaka kumi na mmoja anayemwangalia mama yake akiondoka. Kisha akaandika: "Tangu siku ile nimejifunza kuitambua hatari inayomkabili mwanamke, hata ikiwa bado iko mlangoni. Nimewapokea duniani kwa mikono hii wasichana ambao leo wanafanya kazi katika nchi hiyo. Wanarudi wana afya, wamenyooka mgongo. Wanaowahurumia kutoka mbali hawajawauliza."

Aliniambia kwamba alilia alipokuwa akiandika. Aliniambia pia, na hili ndilo lililomtesa baadaye, kwamba alifurahi. Alijua kuwa ni kazi bora kuliko zote alizowahi kuandika.

Jumamosi alikwenda Kanombe, nyumbani kwa dada yake. Gahongayire alikuwa amestaafu, anaishi peke yake katika nyumba ndogo yenye ukuta wa maua, na kila anayepita njiani alimwita Mama Mkunga. Alikuwa amekaa barazani akimenya maharage mabichi. Gasana alimwekea karatasi mbili juu ya kigoda.

"Nini hii?"

"Makala, Dada. Kuhusu wasichana wanaokwenda kufanya kazi nje. Usalama wao. Tunahitaji jina la mtu anayeheshimika."

"Na mimi ndiye?"

"Wewe ndiye."

Gahongayire akacheka, akajifuta mikono kwenye kanga. "Lete kalamu."

"Hutasoma kwanza?"

"Umeandika wewe," alisema. "Nisome nini?"

Akatia saini, ile ile aliyoitia kwenye kadi za watoto kwa miaka yote ya kazi yake. Gasana alikula maharage hayo kwa wali mchana ule, akaondoka.

Makala yalitoka katika gazeti moja la Nairobi, kisha katika gazeti la Ulaya, kisha yakatafsiriwa katika lugha tatu. Watu wa kanisani waliosikia walimpigia Gahongayire simu kumpa pole ya mama yake aliyekufa zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Alishangaa kidogo wamejuaje, akadhani mdogo wake amegusia tu.

Wiki moja baadaye mwanamke aitwaye Nyirahabimana alipanda kwa miguu kutoka Busanza, kwenye nyumba mpya ambako familia za mtaa wake wa zamani zilihamishiwa, akapiga hodi Kanombe. Zamani, kabla ya kuhama, alikuwa amezaa watoto wake wawili mikononi mwa Gahongayire. Wa kwanza, Kaze, alikuwa na miaka ishirini na minne na alikuwa katika nchi hiyo hiyo. Simu yake ya mwisho ilikuwa miezi minane iliyopita. Alisema wamemnyang'anya pasipoti, anapigwa, na tumbo linamuuma upande mmoja. Tangu siku hiyo Nyirahabimana alikuwa akizunguka maofisini akisaidiwa na mwanasheria wa chama kimoja cha kutetea wafanyakazi. Siku tatu kabla ya safari hiyo ya Kanombe, walikuwa wamefanikiwa hatimaye kuongea kwa njia ya video na afisa wa nchi ile.

Alikaa barazani. Hakutaka chai.

"Yule afisa alinisomea gazeti," alisema kwa Kinyarwanda, polepole. "Akasema, mama, mbona mkunga wenu mwenyewe anasema wasichana wako salama? Akataja jina lako. Nikamwambia mwanasheria, huyu namjua. Huyu ndiye aliyempokea Kaze. Basi nimekuja nikuulize, Mama Mkunga. Ulimwona wapi Kaze akiwa mzima?"

Gahongayire hakuelewa. Aliomba aone hilo gazeti. Nyirahabimana alikuwa na nakala iliyokunjwa mara nne. Gahongayire akaingia ndani kuchukua miwani, akarudi, akasoma yote kuanzia juu hadi chini. Alipomaliza alivua miwani.

"Sijamwona," alisema. "Sijamwona Kaze tangu alipokuwa anasoma sekondari. Sijamwona yeyote."

"Basi kwa nini ulisema?"

Hakumtaja mdogo wake. Alisema tu, "Saini ni yangu."

Alimpigia Gasana baada ya mgeni kuondoka, naye akafika kwa pikipiki kabla jua halijashuka. Nakala ilikuwa juu ya kigoda.

"Umemweka mama humu," Gahongayire alisema.

Gasana aliigeuza nakala kifudifudi.

"Nilikusimulia kifo cha mama ili ujue ulikotoka. Mara moja tu. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, umenisumbua wiki nzima ukitaka kujua. Sikumsimulia mume wangu mpaka anaingia kaburini. Wewe umempa nani?"

"Sikujua kama ni..."

"Hukujua nini? Nani amekulipa uyaandike haya?"

Akamweleza. Mteja, London, mkutano, kura. Alipojisikia akiyasema kwa sauti barazani pale, aliniambia, yalikuwa kama mambo ya mtu asiyemjua.

"Kura ni lini?"

"Alhamisi ya wiki ijayo. Siku kumi na moja."

"Basi kesho andika ukweli. Sema dada yako hajui lolote, ameweka saini bila kusoma. Mimi sioni aibu. Mtoto wa yule mama yuko kule."

Asubuhi Gasana alikwenda kwa Winifred. Winifred alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango, akakaa upande wa kiti cha wageni karibu naye.

"Pole, Mwalimu. Pole kabisa. Lakini dada alisaini. Tukikanusha leo, London wanatufungia kazi, na watu kumi na wanne wa ofisi hii wanarudi nyumbani. Na ile karatasi ya kutunza siri uliyosaini wewe unaikumbuka. Subiri kura ipite. Ikipita tu, nakuahidi, tutatoa masahihisho."

"Kuna msichana, Winifred."

"Najua. Lakini kura ya Ulaya iko mbali na msichana mmoja. Barua yako haitafungua mlango wa nyumba aliyomo."

Gasana akasubiri. Hakuna maelezo mengine. Nilimuuliza mara nyingi kwa nini, na kila mara alinipa jibu tofauti: aliogopa mahakama, aliwahurumia wenzake, aliamini Winifred anasema kweli kwamba barua isingebadili kitu. Mara ya mwisho alisema, "Nilisubiri kwa sababu kusubiri ni rahisi." Nadhani hilo ndilo jibu.

Gahongayire hakusubiri. Alipoona siku tatu zimepita bila neno, alichukua daftari akaandika barua mwenyewe kwa mkono, kwa Kiingereza chake cha shule ya ukunga, akamwomba Mutoni, binti wa jirani, aitume kwa magazeti yote mawili. Niliiona. Ilikuwa na sentensi sita. "Mimi ni Gahongayire. Yale maneno si yangu. Sijafika nchi hiyo. Sijawaona wasichana hao. Kuna mama hapa hajui mtoto wake yuko wapi. Tafadhali waulizeni wenyewe."

Gazeti la Nairobi halikujibu. Gazeti la Ulaya lilijibu kwa adabu sana. Mhariri alisema wamelinganisha barua hiyo na makala, na uandishi haufanani. Makala yameandikwa na mtu wa ufasaha na hisia nyingi, barua ni ya mtu mwingine kabisa. Wana wasiwasi kwamba mtu anatumia jina la Bibi Gahongayire kwa hila. Hawataweza kuichapa.

Mutoni alimsomea jibu hilo mara mbili. Gahongayire akamwambia azime simu.

Gasana aliposikia alikimbilia Kanombe. Alisema, "Dada, niache niiandike upya. Nitaiandika ifanane. Wataichapa kesho."

"Ifanane na nani?"

Gasana alikuwa ameshatoa kalamu mfukoni.

"Sitaki uniandikie tena," alisema Gahongayire. Na alilisema kwa Kinyarwanda, kwa yale maneno ya heshima tunayowapa wageni. Tangu utoto wao wawili hao walizungumza Kiswahili, Kiswahili cha Karagwe, hata mbele ya watu waliowacheka kwa ajili hiyo. Siku ile kikaisha.

Kura ilipigwa Alhamisi. Wakaguzi hawakutumwa. Winifred alituma ujumbe wa kuwashukuru wafanyakazi wote, na Gasana akaandika barua mbili: moja ya kuacha kazi, nyingine ya kwenda magazetini, inayoeleza kwa jina lake kwamba yeye ndiye mwandishi. Magazeti safari hii yalichapa, mistari minne, ukurasa wa ndani, chini ya matangazo.

Kaze alirudi wiki ya tatu baada ya hapo. Alirudi ndani ya sanduku la bati lililotiwa muhuri, akapokelewa upande wa mizigo wa uwanja wa ndege wa Kanombe. Karatasi ilisema moyo ulisimama. Ilikuwa na tarehe pia: siku ya tano ya zile siku kumi na moja.

Labda barua isingemsaidia. Winifred huenda alisema kweli. Hakuna ajuaye, na hilo ndilo jambo ambalo Gasana hatalijua mpaka afe.

Maafisa walishauri sanduku lisifunguliwe. Gahongayire aliwaambia amefanya kazi na miili ya wanawake kwa zaidi ya miaka thelathini na hawana la kumfundisha. Sanduku likafunguliwa katika chumba cha maiti. Yeye na Nyirahabimana waliingia, wakafunga mlango, wakamwosha Kaze wawili peke yao. Walikaa humo muda mrefu. Tuliokuwa nje tulisikia maji tu. Gahongayire alipotoka hakusema aliyoyaona, ila alimwita mwanasheria kando, akamwagiza aandike, akaanza kutaja sehemu za mwili, moja baada ya nyingine, kwa sauti ya mtu anayesoma kadi ya mgonjwa. Upande wa kulia wa mbavu. Kifundo cha mkono. Nyuma ya sikio. Mwanasheria aliandika yote.

Msibani Busanza, siku ya pili, Gasana alisimama mbele ya watu. Sikumtarajia. Alisema, "Yale maneno kwamba wasichana wanarudi wazima, si ya Mama Mkunga. Niliyaandika mimi. Nililipwa. Msimlaumu yeye."

Watu wakainamisha vichwa. Nyirahabimana alikuwa amekaa kwenye mkeka kati ya wanawake. Alimtazama.

"Ulimjua Kaze?" aliuliza.

"Hapana, mama."

"Hata sura?"

"Hapana."

Akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyethibitishiwa jambo dogo, akageukia ukuta. Wanaume wawili walimsogezea Gasana kiti karibu na lango, akakaa hapo mpaka watu walipoanza kutawanyika. Dada yake alipita mbele yake akibeba sufuria, hakusimama.

Yamepita miezi kumi na minne sasa. Gasana anafundisha saa za jioni katika kituo kimoja cha lugha Gikondo, watu wazima, darasa la watu tisa. Amekonda. Kila Jumamosi huenda Kanombe. Gahongayire humkaribisha sebuleni, humwekea chai kwenye vikombe vya wageni, humuuliza habari za afya, naye hujibu. Nusu saa inatosha. Hamfukuzi, na wala hamrudishi.

Mwezi uliopita Gasana alipokea nyumbani kwake mgeni asiyemtarajia. Nilikuwapo, nimekwenda kumwazima kamusi. Nyirahabimana alikuwa mlangoni, amevaa viatu vya mvua, ana daftari chini ya kwapa. Chama cha wafanyakazi kinapeleka kesi mbele, alisema, na kinataka maelezo ya kila familia kwa Kiingereza ifikapo Ijumaa. Mwanasheria ana familia thelathini. Hawezi kumwandikia kila mtu.

Gasana alisimama, hajui aweke wapi mikono.

"Sikuja kwa sababu nimekusamehe," alisema Nyirahabimana. "Nimekuja kwa sababu unajua Kiingereza."

"Ndiyo, mama."

Walikaa mezani. Nilitaka kuondoka, Gasana akanionyesha kwa macho nibaki. Nyirahabimana alianza kusema kwa Kinyarwanda, na Gasana akaandika. Alisema Kaze alizaliwa siku ya soko. Alisema alichelewa kutembea kwa sababu alikuwa mnene. Alisema aliogopa mbwa, na alipokuwa kidato cha pili aliwahi kurudi nyumbani kwa kuzunguka kilima kizima kwa sababu ya mbwa mmoja.

Gasana alisimamisha kalamu. "Labda hapo tuseme kwamba alikuwa msichana mpole ambaye..."

"Nimesema aliogopa mbwa."

Gasana akaandika kwamba aliogopa mbwa.

Nyirahabimana akaendelea hivyo kwa muda wa saa nzima. Alitaja aliyokuwa akipika Kaze, marafiki zake wawili, siku aliyopata pasipoti akaibusu picha yake mwenyewe akicheka. Hakulia. Alipofika kwenye simu ya mwisho alitazama nje ambako mvua ilikuwa imeanza tena, kisha akasema yale yote Kaze aliyoyasema, neno kwa neno, pamoja na mahali aliposita na mahali simu ilipokatika. Gasana aliyaandika yote. Hati yake ikawa mbaya, lakini hakuongeza neno.

"Nisomee," alisema Nyirahabimana.

Akamsomea kwa Kiingereza, ambacho hakukielewa, kisha akamgeuzia kwa Kinyarwanda. Yeye alisikiliza amefumba macho. Mahali pamoja alimsahihisha: si wiki mbili, ni siku kumi na sita. Akachukua kalamu, akatia saini yake chini, herufi moja moja, akakunja karatasi akaziweka ndani ya daftari, akaaga, akashuka kuelekea barabarani.